Mwelekeo wa hali ya hewa wa wiki kwa mji mdogo, na jinsi ya kusoma mawingu ya juu

Mwongozo huu ni wa yule ambaye kila Jumatatu anaulizwa na wakulima "wiki hii ikoje?": bwana shamba, katibu wa ushirika, au mwenye duka la pembejeo kama mimi hapa Njombe. Nauandika kwa sababu watu wengi wakiona mawingu meupe ya juu sana wanatangaza mvua ya kesho. Kanuni hiyo ni ya Ulaya, ambako mawingu hayo mara nyingi hutangulia mfumo mkubwa wa mvua. Nyanda za Juu Kusini mambo ni tofauti.

Hatua ya 1: Anza na TMA. Utabiri rasmi ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Wewe unausogeza tu karibu na mtaa wako. Chukua wa saa 24 na wa siku kumi, usome mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, Novemba hadi Aprili. Redio ikitangaza mvua za vuli, hizo ni za wenzetu wa kaskazini na pwani ya kaskazini, usizipeleke kwenye ubao unaowaandikia wakulima.

Hatua ya 2: Rekebisha kwa mwinuko. Joto hupungua kwa takriban nyuzijoto 6.5 kila unapopanda kilomita moja. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, uwanda wa Kitulo ni kama 2,600, kwa hiyo tofauti inakaribia nyuzijoto 6. Basi.

Hatua ya 3: Toka nje uangalie juu. Fanya hivi asubuhi na kabla jua halijazama. Simama mahali ambapo ukingo wa paa unalificha jua, usije ukaumiza macho.

Michirizi myembamba kama manyoya ni sirasi. Katika ukanda wetu wa tropiki mawingu ya juu hukaa kati ya kilomita 6 na 18, na yameundwa kwa chembe za barafu. Yenyewe hayaleti mvua ardhini.

Utando mweupe unaofunika anga huku kivuli chako bado kinaonekana ni sirostrata. Huu huchora duara kulizunguka jua au mwezi. Nyoosha mkono, tanua vidole, ziba jua kwa kidole gumba: duara likipita karibu na ncha ya kidole cha mwisho, ni lile la barafu, la digrii 22. Duara dogo lenye rangi, lililoukumbatia mwezi, hutokana na matone ya maji ya mawingu ya chini zaidi.

Vidonge vidogo vilivyojipanga vipime kwa kidole cha mwisho, mkono ukiwa umenyooshwa. Kila kidonge kikifichika nyuma ya kidole, ni sirokumulo. Kikizidi, hilo ni wingu la kimo cha kati, na mwezi Novemba hilo ndilo la kuangalia: likianza kuchomoza vichwa asubuhi, jiandae kwa radi alasiri.

Sasa jiulize michirizi imetoka wapi. Mara nyingi ni mabaki ya kilele cha wingu la radi lililonyesha kwingine, yamesukumwa na upepo wa juu. Upepo huo unaweza kwenda kinyume kabisa na huu unaotikisa migomba yako, kwa hiyo michirizi haikuonyeshi mvua inakoelekea. Picha za setilaiti za mionzi ya joto nazo hupotosha hapa, maana kilele chochote chenye baridi hung'aa cheupe, kiwe na mvua au kisiwe nayo.

Hatua ya 4: Usiku wa kipupwe. Juni hadi Agosti ndipo kuangalia mawingu ya juu kunapokuwa na faida kubwa, na hapa hakuna habari ya mvua. Anga likiwa wazi na upepo umetulia, joto la ardhi hupotea juu, na hewa baridi huteremka hadi vinyunguni, yaani bustani za mabondeni. Kipimajoto kilichotundikwa kimo cha kifua kinaweza kusoma nyuzijoto 3 au 4 huku umande kwenye majani ya viazi umeshaganda. Utando mzito wa juu hupunguza kidogo upotevu huo. Michirizi michache haisaidii kitu. Kinga ya kweli ni mawingu mazito ya chini yanayoletwa na upepo wa kusini-mashariki, yale yanayofunika Lupembe na Mufindi.

Saa moja jioni, kama nyota ni kali, majani hayatikisiki na TMA imetaja chini ya nyuzijoto 5, toa tahadhari. Mwenye nyanya kinyunguni amwagilie mapema mchana, kwani udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu.

Hatua ya 5: Andika kifupi. Asilimia usiziweke, zinaleta ubishi. Mfano wa mwezi Julai:

*Jumatatu–Jumatano: asubuhi mawingu ya chini na manyunyu upande wa Lupembe, mchana jua.*
*Alhamisi–Ijumaa: anga wazi, upepo mdogo. Funikeni miche ya vinyunguni usiku.*
*Jumamosi–Jumapili: mvua haitarajiwi. Tutaangalia tena Jumatano.*

Jumatano ikifika, andika upya mistari miwili ya mwisho. Kabla ya kufuta, piga picha ubao, ili mwisho wa mwezi ulinganishe ulichoandika na kilichotokea.