Kuwasha jiko la mkaa baridi inapoanza Njombe

Jiko la udongo lililokaa stoo tangu masika huwa limenyonya unyevu. Ukilijaza mkaa siku hiyohiyo, maji yaliyomo kwenye udongo hugeuka mvuke na chungu, yaani sehemu ya udongo iliyo ndani ya bati, hupasuka. Lianike juani siku nzima, zibua matundu kwa kijiti, toa majivu ya chini. Hewa hupitia huko.

Moto wa kwanza uwe mdogo: vibanzi vikavu, juu yake konzi mbili za mkaa, mlango wa chini wazi, dakika 30 hivi. Ufa mwembamba si neno. Chungu kikicheza ndani ya bati, kikandikwe upya kwanza.

Washia nje. Moshi ukiisha, hatari bado ipo: kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, haina harufu. Msilale na jiko chumbani kamwe, hata makaa yakifunikwa majivu.