Bafu lako linapumulia wapi?

Dari la chumba changu cha kulala lilianza kutoka madoa meusi mwezi wa nne, kwenye kona inayopakana na bafu. Nikajua bati limetoboka. Fundi akapanda juu, akakagua msumari mmoja mmoja, akashuka akaniambia bati ni zima. "Ila mama," akaniuliza huku anajipangusa vumbi, "hiyo feni ya bafuni inapuliza wapi?"

Sikuwa na jibu. Feni ilikuwa na miaka miwili tangu ifungwe, inanguruma kila ukiwasha taa, nami niliridhika kuwa inafanya kazi yake. Nikapanda mwenyewe na tochi. Bomba la kukunjika, lile linalofanana na akordioni, lilitoka kwenye feni likaenda kama hatua mbili, kisha likalala juu ya mbao za kenchi, mdomo wazi. Mvuke wa watu watano wanaooga maji ya moto ulikuwa unamwagwa darini, unakutana na bati lililopoa usiku, unageuka maji, unadondokea jipsamu. Feni haikuwa imeondoa unyevu. Ilikuwa imeuhamisha kutoka bafuni, kwenye vigae visivyodhurika, hadi juu ya kitanda changu.

Nyumba iko Njiro, Arusha. Nyuma nina vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja na bafu lake, na mdogo wangu ana nyumba Tanga ambayo nimeisumbukia kama yangu. Mabafu manne, na hakuna mawili yaliyotibiwa kwa dawa moja. Ninaandika kwa ajili ya yule anayejenga au kukarabati, hasa kama bado hajapiga plasta.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kwamba tatizo ni mvuke kweli. Ukuta unaweza kulowa kwa bomba linalovuja ndani yake, au kwa maji yanayopanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu. Hapo utafunga feni kumi na rangi itaendelea kubanduka. Kata kipande cha nailoni ngumu ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwenye sehemu yenye tatizo, uzibe kingo zote nne kwa solotepu pana, ukiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa chumba, ni mvuke wa kuoga. Yakikaa upande wa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani, mwite fundi bomba. Kwenye chumba cha pili cha wapangaji ilikuwa hivyo: kiungo cha bomba la shawa kilikuwa kinavuja polepole nyuma ya vigae. Bafu hilo halikuhitaji hewa hata kidogo.

Ukishajua ni mvuke, angalia unaishi wapi. Hewa yenye joto hubeba maji mengi, ya baridi hubeba machache. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za maji, na ya nyuzi 12 haifiki 11. Asubuhi ya Julai hapa Arusha, hewa ya nje ina ukungu lakini maji iliyobeba ni kidogo. Ikiingia ndani ikapata joto, inakuwa kavu na ina nafasi ya kubeba mvuke wako. Kwa hiyo huku dawa ni kubadilisha hewa: ya ndani itoke, ya nje iingie. Tanga mwezi wa tatu ni habari nyingine. Hewa ya nje yenyewe imelowa, ukiiingiza unabadilisha unyevu kwa unyevu. Kule kinachokausha bafu ni mwendo wa upepo, pamoja na jua likipata njia ya kufika sakafuni. Ndiyo maana feni ndogo iliyoniokoa Njiro ilipofungwa Tanga haikuleta tofauti ya kuonekana.

Kule Tanga tuliondoa dirisha la aluminiamu la kuteleza. Dirisha la namna hiyo, hata ulifungue mpaka mwisho, linakupa nusu tu ya tundu, maana kioo kimoja daima kimekaa mbele ya kingine. Tukarudisha luva, zile za kizamani ambazo vijana wanazicheka. Luva ikifunguka, karibu tundu lote linapitisha upepo, na mvua ya kawaida haiingii kwa sababu vioo vinainama nje. Grili nje, neti ya mbu ndani. Halafu tukatoboa juu ya mlango wa bafu na kuweka safu moja ya matofali ya matundu, ili upepo wa kusi unaoingia dirishani upate pa kutokea. Tundu moja halitengenezi upepo, na hilo ndilo kosa ninaloliona kila nyumba: dirisha zuri, mlango umebana kama wa friji, na mwenye nyumba anashangaa mbona hewa imesimama.

Bafu la chumba cha kwanza cha wapangaji halina feni, na silioni sababu ya kuliwekea. Lina safu ya matundu karibu na dari na nyingine chini, sentimita 30 kutoka sakafuni. Hewa ya moto inapanda na kutoka juu, ya baridi inaingia chini, mchana na usiku, bila LUKU. Kadiri matundu ya juu na ya chini yanavyoachana, ndivyo hewa inavyovutwa zaidi. Kosa langu lilikuwa moja: matundu ya chini niliyaelekeza pale pale mtu anapooga. Wiki ya pili ya baridi mpangaji akayaziba kwa matambara, na mwezi uliofuata madoa ya ukungu yakarudi. Sikumlaumu, hata mimi ningeziba. Nikayaziba kwa tofali na kutoboa mengine upande wa choo. Tangu hapo sijaona tambara.

Sasa feni. Bafu la chumbani kwangu limezungukwa na vyumba pande tatu, lina kidirisha kidogo tu, na kwenye baridi hakuna anayekubali kukifungua. Hapo feni inastahili. Lakini anza na swali la hewa inayoingia kabla ya ile inayotoka. Feni haiwezi kutoa hewa kwenye chumba kilichozibwa. Itanguruma tu bila kuvuta. Acha upenyo wa sentimita 2 chini ya mlango, kwa upana wake wote. Mimi nilimwita seremala akapunguza mlango kwa randa, kazi ya nusu saa. Kisha weka feni juu, karibu na shawa, mbali na mlango, ili hewa inayoingia ipite bafu zima kabla ya kutolewa. Ukiiweka juu ya mlango itavuta hewa ya ukumbini na kuuacha mvuke umejikunyata kwenye kona yake. Kwa sababu hiyo hiyo, feni ikiwaka funga dirisha lililo jirani nayo. Watu hunibishia hapa, lakini feni iliyo kando ya dirisha lililo wazi inavuta hewa ya dirishani.

Ukubwa unapatikana kwa hesabu ya darasa la tano. Zidisha urefu, upana na kimo cha bafu, kisha zidisha jibu kwa 8, maana unataka hewa yote ibadilike mara 8 kwa saa. Langu ni mita 2 kwa 1.5, kimo 2.6: mita za ujazo 7.8. Mara 8 ni 62 na ushei. Kwenye boksi la feni tafuta namba iliyoandikwa m³/h, yaani mita za ujazo kwa saa. Ile namba hupimwa feni ikiwa haina bomba, kwa hiyo chukua inayozidi hesabu yako. Mimi nilichukua ya inchi 4 yenye kati ya 90 na 100. Tazama pia alama ya IPX4, maana yake haidhuriki na maji yanayoruka kutoka upande wowote. Na kelele: ikizidi desibeli 40 watoto wataizima, nawe utaizima.

Kama bafu lina ukuta wa nje, toboa ukuta moja kwa moja, ndiyo njia fupi na rahisi. Feni ya kawaida, ile yenye panga kama za feni ya mezani, haina nguvu ya kusukuma hewa mbali. Bomba likizidi mita moja na nusu au likipata kona mbili, inachoka. Hapo nunua ile yenye gurudumu la vipanga linalozunguka ndani ya kasha, au inayofungwa katikati ya bomba huko darini. Ni ghali zaidi, lakini ndiyo inayofika.

Bomba nilitumia PVC ya inchi 4, ile ya maji machafu, kwa sababu ndani ni laini. La kukunjika lina mikunjo inayoikaba hewa, na likilegea katikati linakusanya maji kama kata. Liinamishe kidogo kuelekea nje, la sivyo maji yanayojikusanya ndani usiku yatarudi kwenye mota. Langu limetoboa fishabodi na kutokea nje kabisa. Mdomoni weka kifuniko chenye vibao vinavyofunguka feni ikipuliza na kujifunga ikizima, upepo usirudi na popo wasihamie. Usiweke neti ya mbu pale: inashika vumbi na nyuzi za mataulo, na baada ya miezi michache imeziba kabisa.

Kuhusu swichi, sikukubali tena iunganishwe na taa pekee. Ukitoka unazima taa, na feni inazima wakati kuta bado zinatiririka. Nunua yenye saa ndani yake, iendelee dakika 15 hadi 20 baada ya wewe kutoka. Hiyo inahitaji waya wenye moto muda wote pamoja na ule wa swichini, ndiyo maana nimesema uwahi kabla ya plasta. Zipo pia zinazojiwasha zikihisi unyevu. Huku kwetu zinafaa. Pwani utajuta, kwa sababu hewa ya asubuhi tu inatosha kuiwasha, na itazunguka kutwa.

Msiogope umeme wake. Feni ya wati 18 kwa saa moja kila siku inakula nusu uniti na kidogo kwa mwezi. Shawa ya umeme ya wati 4,500 inakula robo tatu ya uniti kwa dakika 10 za mtu mmoja kuoga.

Ila kama maji yako yanachemshwa na hita ya gesi iliyo ndani ya bafu, usiweke feni kabisa mpaka hita ihamishiwe nje. Feni inaweza kuuvuta moshi wa hita urudi ndani, na moshi ule una hewa ya sumu isiyo na harufu. Jiko la mkaa la kupasha bafu joto ni hatari hiyo hiyo, na wengi wetu tumelelewa nalo.

Fundi akimaliza, usimlipe kwanza. Funga mlango na dirisha, washa feni, chukua mraba mmoja wa karatasi ya chooni uiweke kwenye uso wa feni. Ikishika, inavuta. Ikianguka, rudi chini ya mlango, kisha kwenye bomba. Halafu panda darini na tochi, fundi akiwa bado yupo, ulifuate bomba kwa mkono hadi uone mwanga wa nje.