Pikipiki ya mtoto ya magurudumu manne haitoi cheche: anza na swichi

Stata ikizungusha injini vizuri lakini haiwaki, usikimbilie kununua CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi). Kwenye pikipiki hizi za CC 50 hadi 110, mara nyingi kinachokata cheche ni swichi za usalama. Zinapigwa na maji na tope, zinavutwa na mikono ya mtoto, na mbovu moja tu inatosha kuzima kila kitu.

Kwanza hakikisha kweli cheche haipo. Weka fri, inua magurudumu ya nyuma, futa petroli iliyomwagika. Chomoa kofia ya plagi lakini plagi yenyewe iache kwenye injini, ili mvuke wa petroli usitoke tunduni. Chomeka plagi mpya kwenye kofia, igusishe na chuma cha injini kisicho na rangi, ishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, kisha piga stata. Cheche ya buluu inayolia inatosha. Ukiipata, fungua plagi ya zamani: ikiwa imejaa masizi, weka mpya yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Ikikataa hata hapo, hamia kwenye kabureta.

Kama hakuna cheche, kagua kamba ya usalama ya nyuma, swichi nyekundu ya mkononi, ufunguo, na rimoti kama ipo. Kisha tafuta kwenye CDI waya mweusi wenye mstari mweupe. Kwenye pikipiki nyingi zilizotengenezwa China, zenye CDI inayolishwa na magineti (koili za kuzalisha umeme ndani ya injini), huo ndio waya wa kuzimia: ukigusa bodi, yaani chuma cha pikipiki, cheche inakufa. Uchomoe, jaribu tena kwa plagi ya nje. Cheche ikirudi, CDI na koili ya cheche (inayopandisha umeme wa plagi) ni nzima. Rudisha waya, kisha chomoa swichi moja moja hadi umpate mkorofi. Usimruhusu mtoto kuendesha waya huo ukiwa nje, hata dakika moja. Akianguka au akishindwa kuidhibiti, hakuna swichi itakayoizima.

Cheche isiporudi, chukua multimita na upime upande wa soketi inayotoka kwenye magineti. Kati ya waya mweusi wenye mstari mwekundu na ethi (waya wa kijani ulioungwa na bodi): takriban ohm 150 hadi 500, na stata ikizunguka utegemee volti za AC 40 au zaidi. Kati ya waya wa buluu wenye mstari mweupe na ethi: karibu ohm 100 hadi 200. Ukipata sifuri, koili ya magineti imeshoti. Mita isiposoma kabisa, waya umekatika, mara nyingi mahali unapotokea kwenye injini. Rangi hutofautiana, kwa hiyo fuata mchoro wa nyaya ukiwa nao.

Koili ya cheche isome chini ya ohm 1 upande wa nyaya nyembamba. Fungua kofia ya plagi, kata milimita 5 za ncha ya waya mnene, uikaze upya. Kutu hujificha hapo. Sugua pia bolti ya ethi kwa msasa.

CDI inabaki ya mwisho kwa sababu multimita haitoi jibu la uhakika juu yake. Inajaribiwa kwa kuweka nyingine. Linganisha idadi na mpangilio wa pini, na aina: CDI ya betri haifanyi kazi mahali pa ile ya magineti, hata kama soketi inaingia.