Kuunda sabufa ya home theater kwa seti ya inchi 12: kazi yote iko kwenye boksi

Watu wakitaka besi cha kwanza kuuliza ni wati ngapi, na madukani wanalijua hilo, ndo maana utakuta kisabufa cha kubeba kwa mkono mmoja kimebandikwa stika ya PMPO, ile namba ya wati ya kujisifia, maelfu kwa maelfu. Achana na hiyo namba, tafuta palipoandikwa RMS, yaani wati ambazo inazimudu kweli muda wote. Ila hata RMS haikusaidii kama boksi ni bovu. Spika ya kawaida ya inchi 12 kwenye boksi lililopigiwa hesabu na lisilovuja inaipiga bao spika ya bei mbaya iliyofungwa kwenye boksi la kukisia, kwahiyo nguvu zako weka kwenye mbao.

Seti ninayoongelea ni ile unapata spika, ampli ya bamba (kikuza sauti kilichofungwa kwenye bati bapa) ya kufunga nyuma ya boksi, na karatasi ya vipimo. Zipo zinazokuja na mbao zimeshakatwa, ila MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) ni nzito na kago wanachaji kwa kilo, bora uagize bila mbao ukakate huku. Mzigo ukifika kabla ya yote geuza ampli uangalie swichi ya volti, maana mzigo wa Marekani unaweza kuja umewekwa 115 na umeme wetu ni 230, ukichomeka hivyo hivyo utasikia paa na harufu na ndo imetoka hiyo. Kama haina swichi na imeandikwa 120 tu, tafuta transfoma ya kushusha yenye wati za kutosha. Angalia na omu pia, yaani ukinzani wa spika: spika yenye koili mbili za omu 4, ukizifunga kwa mfululizo unapata 8, ukizifunga sambamba unapata 2, na ampli nyingi za aina hii hazitaki chini ya 4.

Sasa boksi. Karatasi ya seti ikisema lita kadhaa fuata hivyo hivyo, usipunguze eti lienee pembeni ya meza ya tivii. Tuchukue mfano wa seti inayotaka lita 70 na bomba la kutolea hewa lililopimwa liitikie besi ya 28 Hz (mitetemo 28 kwa sekunde). Kwa MDF ya milimita 18, boksi la nje sentimita 44 kwa 44, kina 52, ndani linabaki 40.4 kwa 40.4 kwa 48.4, hiyo ni kama lita 79, halafu spika, ampli, bomba na mbao za kukazia katikati zinakula karibu 9, zinabaki 70. Bomba ni PVC ya inchi 4, ukipima ndani ikawa sentimita 10 basi urefu ni kama 36 ukihesabu pamoja na unene wa mbao ya mbele. Likate refu kidogo kwanza, kupunguza utaweza kuongeza huwezi, na bomba likiwa fupi sauti yake inapanda juu, unaanza kupata ule mdundo wa bonge la kelele lisilo na kina. Nyuma ya bomba acha nafasi isiyopungua upana wa bomba lenyewe.

Kukata usikate kwa mkono. Wauza MDF wengi wana mashine, nenda na vipimo vimeandikwa wakukatie palepale, ubao mmoja wa futi 8 kwa 4 unatosha na unabaki, mabaki ongezea mbao ya pili mbele kwa nje maana hapo ndo spika inapopigia. Tundu la spika chora kwa msumari na kipande cha ubao chenye matobo mawili, moja la msumari moja la penseli, kisha pitisha jigso taratibu.

Kuunga ni gundi ya mbao, skrubu ni za kushikilia tu mpaka gundi ikauke. Toboa kwanza tobo dogo, ubavu wa MDF ukiupiga skrubu kavu kavu unapasuka kama keki. Huna jiliwa wala klampu? Ile mipira ya kufungia mizigo kwenye bodaboda inatosha kabisa, zungusha mitatu minne kaza. Ikikauka pitisha silikoni kwenye kona zote kwa ndani na kuzunguka bomba, na kama ni ile yenye harufu ya siki usifunge spika mpaka harufu iishe yote, ule mvuke unakula chuma na waya. Ukiwa pwani paka kingo zote sandi sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao) kabla ya rangi, hadi chini kusikoonekana, MDF ikinywa unyevu inavimba na hairudi.

Waya ukishafunga usiamini rangi, chukua betri ya volti 1.5, chanya kwenye chanya hasi kwenye hasi, gusa sekunde moja, koni ikisogea kwa nje uko sawa.

Kupima uvujaji mimi napenda udi. Weka toni ya 30 Hz kutoka kwenye simu, sauti ndogo, washa kijiti cha udi upitishe taratibu kwenye kila kiungo, kwenye ukingo wa spika na wa ampli, moshi ukianza kuchezacheza sehemu yoyote isiyo ya bomba hapo panapumua. Kwenye ampli ndo panavuja sana, weka utepe wa sponji chini ya bamba.

Kwenye risiva (mashine kuu ya home theater) chomeka waya kwenye tundu la SUB, weka krosova, yaani mpaka ambao besi za chini yake zinaenda kwenye sabufa, 80 Hz huko huko, ile ya kwenye ampli izungushe mpaka mwisho juu zisichuje mara mbili. Mahali pa kukaa: iweke sabufa kwenye kochi lako, cheza kitu chenye besi, afu wewe tambaa chini ukutani kote, pale utakaposikia besi imejaa bila kuvuma ndo pa kuiweka. Watoto watakucheka, waache.

Ikiunguruma hata filamu haijaanza, chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi, mngurumo ukikoma basi tatizo ni ethi inazunguka kupitia huo waya, na usije ukakata pini ya ethi ya plagi kama mafundi wengine wanavyoshauri, hiyo ndo inakuokoa wewe. Kinachobaki ni vioo vya dirisha, grili na siling ya jipsamu kugongagonga, hapo sabufa haina kosa, zima taa za siling kwanza uzikaze moja moja, mara nyingi ni zenyewe.