Gugu karoti malishoni: ling'oe, kisha panda nyasi

Arusha na maeneo jirani, gugu karoti limetoka kingo za barabara likaingia malishoni. Ng'ombe mwenye nyasi halili. Akibanwa na njaa akalila, maziwa huwa machungu. Wengi huling'oa kila msimu na kila msimu linarudi, kwa kuwa huacha ardhi tupu.

1. Litambue changa. Majani yamechanikachanika kama ya karoti, yametandaa chini kwa duara. Baadaye hupanda shina lenye matawi mengi na vichwa vidogo vyeupe vya maua. Mvua ikiwepo, huchanua ndani ya wiki 4 hadi 6 tangu kuota, na mmea mmoja mkubwa huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Basi kagua kila wiki mbili.

2. Ng'oa wakati wa vuli, udongo ukiwa umelowa. Vaa glavu na mikono mirefu, funika pua: linawasha ngozi, na wengine hubanwa kifua. Shika pale shina linapoingia ardhini, vuta taratibu mpaka mzizi utoke mzima. Fyekeo liache nyumbani, maana kisiki huchipua tena. Lililochanua litie kwenye kiroba likiwa bichi, ukalichome. Kwenye samadi usilitupe kabisa.

3. Panda nyasi kabla ya masika. Hapa ndipo kazi ilipo. Mimi hupendelea Cenchrus ciliaris: ni ya kwetu, inavumilia ukame na kukanyagwa. Usitumie mbegu iliyovunwa juzi, haioti vizuri. Tafuta iliyokaa ghalani miezi 6 au zaidi. Ina manyoya, hushikana na kupeperuka, kwa hiyo ichanganye na mchanga mkavu. Chimba vifereji vifupi kukata mteremko, mwaga kama kilo 5 kwa hekta, kisha buruta tawi la mgunga juu yake. Udongo wa kufunika usizidi sentimita 2. Ukifukia kama mahindi umepoteza mbegu. Gugu litaota pamoja na nyasi, hivyo palilia kwa mkono.

4. Zuia mifugo mpaka nyasi ziangushe mbegu. Wamaasai wana alalili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama wakati wa kiangazi, na utaratibu huo unafaa sana hapa. Uzio wa miiba husaidia, ila bila kuelewana na majirani utabomolewa usiku mmoja. Ukishafungua, hamisha ng'ombe nyasi zikibaki sentimita 10 hadi 15.

5. Linda njia za kuingilia gugu. Mbegu huja na majani makavu ya kununua, matairi, tope la kwato na mchanga wa ujenzi. Majani ya kununua yalishie sehemu moja tu karibu na boma, na uikague sehemu hiyo kila mvua inaponyesha, kwa miaka kadhaa, maana mbegu zilizofukiwa hazifi upesi.