Kumtunza Mzee Mwenye Dimenshia: Kazi Zilizopo na Namna ya Kuzigawana

Mzee anapoanza kupoteza kumbukumbu, katika familia nyingi za kwetu mzigo wa kumtunza humwelemea mtu mmoja bila kikao chochote kukaliwa. Mara nyingi ni binti ambaye hajaolewa, au mke wa mtoto anayeishi karibu, huku ndugu wengine wakiahidi kwamba watakuwa wanatuma chochote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, yaani hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na kwamba zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ulionyesha kuwa takriban wazee 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana hali hii. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kuitisha kikao cha familia, kuzitaja kazi moja baada ya nyingine, na kuandika kila kazi itafanywa na nani, kwa maana kazi isiyotajwa hubaki kwa yule yule aliyeko nyumbani.

Kazi ya mwanzo ni ya kuwa shahidi wa mgonjwa. Dimenshia si uzee wa kawaida. Hutokana na magonjwa yanayoharibu ubongo, na ugonjwa wa Alzheimer peke yake ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa, ukifuatiwa na madhara ya kiharusi na shinikizo la damu. Hata hivyo, zipo hali zinazofanana nayo na ambazo hutibika, kama vile upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, damu kuvilia kichwani baada ya kuanguka, na hata dawa fulani anazotumia mzee. Ndiyo maana haifai kuhitimisha nyumbani kwamba mzee amechanganyikiwa tu kwa sababu ya umri. Daktari humwona kwa muda mfupi, na mzee mwenye adabu zake anaweza kujibu maswali vizuri kabisa akiwa pale, kisha akashindwa kuikuta njia ya kwenda chooni akirudi nyumbani. Weka daftari. Andika tarehe, alichosahau, alivyolala, alivyokula, kama ameanguka, na kama jambo limeanza ghafla au polepole, na siku ya kwenda hospitali beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo za mitishamba na zile zilizonunuliwa dukani bila cheti. Mzee akibadilika ndani ya siku moja au mbili, akawa anaweweseka au kusinzia mchana kutwa, usingoje siku ya kliniki. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, malaria au upungufu wa maji mwilini, na anapaswa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kazi za mwili zinahitaji mtu anayefaa, na hapa mila haziwezi kupuuzwa. Kuna jamii ambazo mkwe hawezi kabisa kumwogesha baba wa mumewe, na kumlazimisha kufanya hivyo ni kuwaaibisha wote wawili. Afadhali mtoto wa kiume au mjukuu ajifunze. Kabla ya kuoga, tayarisha maji ya uvuguvugu, sabuni na nguo safi, ili usimwache peke yake katikati ya kazi. Ikiwa ni mama, mfunike mabega kwa kanga, anza na miguu, sema unachokifanya kabla ya kumgusa (“Mama, sasa naosha mkono huu”), na mpe kitambaa ajifute mwenyewe sehemu anazoziweza. Akikataa, mwache, urudi baada ya nusu saa, kwani mara nyingi anayekataa huwa anaona baridi au haya. Chooni mpeleke kila baada ya saa mbili hivi bila kusubiri aombe, na usimpunguzie maji ya kunywa kwa kuogopa atajikojolea. Wakati wa kula akae wima na apewe chakula kimoja kimoja. Akianza kupaliwa au kukohoa kila anapokunywa, mwone mtaalamu wa afya, kwa sababu chakula au kinywaji kinachoingia mapafuni huleta homa ya mapafu.

Kazi inayochosha kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya mazungumzo. Jua linapozama, wagonjwa wengi huingiwa na wasiwasi. Bibi anafunga nguo zake kwenye kitenge na kusema anakwenda kwa mama yake, ambaye alifariki miaka mingi iliyopita. Ukimwambia kuwa mama yake amekufa, atalia kana kwamba msiba ni wa leo, na kesho utamletea msiba ule ule upya. Mwulize badala yake, “Bibi, mama alikuwa akipika nini?”, kaa naye, washa taa mapema, mpe chai, na mara nyingi kile kitenge kitafunguliwa chenyewe. Akisema umemwibia pochi, usijitetee. Itafuteni pamoja, na uwe na pochi nyingine inayofanana nayo. Babu aliyeswali maisha yake yote anaweza kusahau hesabu ya rakaa, lakini kutawadha na kushika tasbihi bado vinamtuliza, kama vile nyimbo za kanisani zinavyobaki kwa mwingine hata majina ya watoto yanapopotea. Usimkosoe katika ibada.

Ulinzi wa nyumba ugawiwe mtu mwingine: kuweka mbali mafuta ya taa, viberiti na dawa, kufunga mtungi wa gesi, kufunika kisima, na kuwa na picha ya karibuni ya mzee iwapo atapotea. Mfungie namba ya simu mkononi au ishone ndani ya nguo, na uwaarifu madereva wa bodaboda na mwenye duka la jirani. Kumfungia chumbani peke yake au kumfunga kamba ni kumdhuru, na moto ukitokea hatakuwa na pa kukimbilia.

Lazima pia awepo msemaji wa familia. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mama anayekutwa usiku kwenye ua wa mtu mwingine, akijisemea peke yake, yuko hatarini kwelikweli. Msemaji amwendee mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, sheikh au mchungaji, na majirani, awaeleze kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, na awaachie namba ya simu ya kupigiwa wakimkuta. Kuuficha ugonjwa kwa kuona aibu huwapa watu nafasi ya kujitungia sababu zao.

Fedha na hati zishughulikiwe mapema, mzee angali anaelewa na anaweza kusema anachotaka, kwa msaada wa mwanasheria; matumizi yaandikwe mahali ambapo ndugu wote wanaweza kuyasoma.

Aliyeko karibu na mzee usiku na mchana naye apangiwe zamu ya kupumzika, yenye tarehe. Ndugu aliyeko mbali aje kukaa wiki nzima, au alipe msaidizi, kwa kuwa pesa iliyotumwa kwa simu haimwinui mtu kitandani saa nane za usiku. Mlezi anayekosa usingizi, anayepaza sauti ovyo au anayejisikia kutaka kumpiga mzee, ahakikishe mzee yuko salama, atoke nje, ampigie ndugu simu mara moja, na ndugu huyo asianze kwa kumlaumu.

Rudieni kikao kila hali inapobadilika: anapoacha kutembea, anapoanza kushindwa kumeza, anapolala kitandani muda wote na kuhitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Leteni daftari kikaoni, msome yaliyoandikwa, na mgawane kazi upya kabla ya kutawanyika.