Kushirikisha mafaili kati ya Linux na Windows kwa kutumia Samba

Ofisi yenye seva ya Linux na kompyuta za Windows haina haja ya kubebeana mafaili kwa flashi. Samba, programu ambayo Andrew Tridgell alianza kuiandika Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, huiwezesha Linux kutumia SMB, itifaki ileile ambayo Windows huitumia kugawana mafaili, kwa hiyo upande wa Windows hakuna cha kusakinisha.

Kwenye Ubuntu au Debian, isakinishe kwa `sudo apt install samba`. Tuseme unataka folda ya idara ya uhasibu, na Asha tayari ana akaunti kwenye seva:

```
sudo groupadd uhasibu
sudo usermod -aG uhasibu asha
sudo mkdir -p /srv/uhasibu
sudo chgrp uhasibu /srv/uhasibu
sudo chmod 2770 /srv/uhasibu
```

Ile 2 inayotangulia 770 ndiyo wengi huisahau, nayo ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyelitengeneza. Ikikosekana, Asha ataandika ripoti ambayo mwenzake ataiona kwenye orodha lakini hataweza kuifungua.

Mwishoni mwa faili `/etc/samba/smb.conf` ongeza mistari hii:

```
[uhasibu]
path = /srv/uhasibu
valid users = @uhasibu
read only = no
create mask = 0660
directory mask = 2770
```

Endesha `testparm` ili ikuonyeshe makosa ya uandishi, kisha mpe Asha nywila ya Samba kwa `sudo smbpasswd -a asha`. Hatua hii haiepukiki, kwa sababu Samba hutunza nywila zake yenyewe na haisomi zile za Linux. Maliza kwa `sudo systemctl restart smbd`, na kama ufw, programu ya kuzuia miunganisho isiyoruhusiwa ya mtandao, inafanya kazi, ruhusu mtandao wa ndani pekee: `sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba`.

Kwenye Windows, Asha ataandika `\\192.168.1.10\uhasibu` katika sehemu ya anwani ya File Explorer, akiweka anwani halisi ya seva. Akikataliwa kuandika, usikimbilie chmod 777, inayompa kila mtu ruhusa zote. Ombi lake hupita milango miwili, wa Samba na wa ruhusa za Linux, na ukifungwa mmoja haliendi popote. Kwa hiyo kagua `smb.conf`, halafu `ls -ld /srv/uhasibu`, halafu `id asha`.

Folda ikiwa kwenye Windows, Linux huifikia kwa kifurushi cha cifs-utils, baada ya kutengeneza folda ya kuipokelea:

```
sudo mount -t cifs //192.168.1.20/mauzo /mnt/mauzo -o username=asha,uid=asha
```

Mashine ya zamani ya fotokopi inayotuma nakala kwenye folda ya seva inaweza kukushawishi urudishe SMB1, toleo la kwanza la itifaki ya SMB, ambalo Samba ililizima tangu toleo lake la 4.11 la mwaka 2019. Nakusihi usifanye hivyo: udhaifu wa Windows katika SMB1 ndio uliotumiwa na WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kusambaa mwaka 2017. Afadhali mashine hiyo itume nakala kwa barua pepe.

Waelekeze pia watumiaji namna ya kuyapa mafaili majina. Linux huhesabu Ripoti.xlsx na ripoti.xlsx kuwa mafaili mawili, ilhali kwa Windows ni jina moja, na nukta pacha, inayokubalika Linux, ni marufuku Windows, hivyo faili liitwalo «Mkutano 14:30.odt» litaonekana huko kwa jina fupi lisiloeleweka, liandikwe «Mkutano 14-30.odt».